Baiskeli Kuukuu na Vipuri Vipya: Njia ya Kufundishia Vipimo katika Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika somo la Hisabati, hakuna mada ambayo mwalimu mgeni huiona kuwa rahisi kama vipimo, na ni chache ambazo watoto huzisahau upesi kama hiyo. Sababu yake haiko mbali. Mara nyingi watoto hupimishwa vitu ambavyo havina haja ya kupimwa: urefu wa dawati, upana wa ubao, kimo cha mlango. Wakishapata jibu, jibu lenyewe haliwapeleki popote. Dawati litabaki dawati, liwe na sentimita 110 au 120. Mtoto akikosea hapotezi kitu, na akipatia hapati kitu ila alama ya vema katika daftari lake.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo kifaa kimoja kinachokataa kipimo cha kubahatisha. Kifaa hicho ni baiskeli kuukuu ya chuma inapohitaji kufungiwa kipuri cha kisasa. Kipuri kikiwa na kipimo sahihi, kitaingia. Kikiwa na kipimo kingine, hakitaingia hata kikisukumwa. Au, jambo lililo baya zaidi, kitaingia nusunusu na kumwangusha mtu njiani. Hapo mtoto huona waziwazi kazi ya kupima.

Kosa letu

Kabla ya kutoa ushauri, yatupasa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Siku moja tulikuwa tukiwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, tukaketi nyuma ya darasa moja kando ya barabara iendayo Magu. Mwanachuo alikuwa akifundisha kubadili sehemu kuwa desimali. Alifundisha vizuri, akaandika ubaoni kwamba 1½ ni sawa na 1.5. Mtoto mmoja akanyosha mkono na kusema, "Mwalimu, kwenye tairi hazilingani."

Darasa likacheka. Mwanachuo akamwambia mtoto aketi, akaendelea na mfano wa pili. Nasi tukaandika katika daftari la ukaguzi kwamba mwalimu ameweza kulituliza darasa, tukamwongezea alama kwa jambo hilo.

Jioni, tulipokuwa tukingoja gari la kurudi mjini, tulijisitiri na jua katika kibanda cha fundi baiskeli. Tukamsimulia habari za yule mtoto kama kichekesho. Fundi hakucheka. "Walimu, huyo mtoto kasema kweli," alituambia. Akaangua matairi mawili kutoka darini. Moja liliandikwa 26 x 1½, na la pili 26 x 1.5. Alipoyalaza moja juu ya jingine, mdomo wa ndani wa lile la kwanza ulizidi ule wa pili kwa karibu upana wa kidole kila upande. "Mtu akinunua hili kwa ringi ya lile," akasema, "pesa yake imekwenda na maji."

Basi mtoto alikuwa ameleta darasani jambo aliloliona kwa macho yake, nasi tulio wakubwa tukamnyamazisha. Wala mwanachuo hakuwa amekosea hesabu, kwa maana 1½ na 1.5 ni sawa kabisa. Lililokosekana ni mwalimu wa kueleza jinsi wote wawili walivyokuwa na haki. Tunatumaini kuwa maelezo yafuatayo yatamsaidia msomaji asirudie kosa hilo.

Jina si kipimo

Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi kwa inchi ni jina zaidi ya kuwa kipimo. Hapo zamani inchi 26 au 28 zilitaja kipenyo cha nje cha tairi lililojazwa upepo, yaani kutoka ukingo mmoja unaogusa ardhi hadi ukingo wa pili. Lakini ringi haikutani na ukingo wa nje wa tairi. Hukutana na mdomo wake wa ndani. Tairi nene na tairi jembamba, yote yakiwa na inchi 26 kwa nje, ni lazima yawe na midomo ya ndani iliyo tofauti. Kila kiwanda kilifuata desturi ya nchi yake, majina yakabaki, na baadaye hata ule ukubwa wa nje ukaacha kulingana na jina.

Ili kuondoa mchafuko huo, viwanda vilikubaliana juu ya kipimo cha kimataifa kinachotumia milimita. Siku hizi matairi mengi huandikwa namba mbili zenye kistari kati yake, kwa mfano 37-590. Namba ya kwanza ni unene wa tairi. Ya pili ni kipenyo cha mahali ambapo mdomo wa tairi hukaa katika ringi, na hiyo ndiyo yenye neno la mwisho. Mwanachuo ayanakili majina haya:

28 x 1½, la baiskeli kubwa za mizigo: milimita 635.
27 x 1¼, la baiskeli nyingi za mbio za zamani: milimita 630.
700C, la baiskeli za mbio za kisasa: milimita 622.
26 x 1⅜: milimita 590.
26 x 1½: milimita 584.
26 x 1.5, pamoja na 26 nyingine za desimali za baiskeli za milimani: milimita 559.

Sasa jibu la yule mtoto linapatikana. 584 kutoa 559 ni 25. Midomo ya matairi yale mawili hupitana kwa milimita 25, ingawa ubavuni yana majina yanayolingana kihesabu. Mwalimu angeweza kumwambia hivi: "Umesema kweli. Namba zinalingana, lakini hazikupima kitu kimoja. Kesho tutaleta matairi tuyapime." Maneno hayo yangechukua nusu dakika tu.

Baiskeli zilizoko kwetu

Mwanza ni mji wa miamba na vilima, na vijiji vya Usukumani vinavyouzunguka vimeitegemea baiskeli kwa miaka mingi. Pamba, mihogo, mkaa, madumu ya maji na magunia ya dagaa kutoka mialoni yamesafiri juu ya baiskeli. Pikipiki zimechukua abiria wengi na mizigo mingi, lakini baiskeli haijatoweka, na mashindano yake bado hukusanya watu Kanda ya Ziwa.

Nyingi kati ya baiskeli hizo ni za chuma na zina umri mkubwa. Ziko Raleigh zilizotoka Uingereza, Phoenix za China, Hero na Avon za India, na hata Swala zilizoundwa hapa nchini. Ziko pia fremu nyembamba za mbio zilizokuja kama mitumba. Fremu ya chuma hudumu. Ikipinda hunyooshwa, ikikatika huchomelewa. Vinavyokwisha ni vile vilivyofungwa juu yake: ringi, breki, mnyororo, friwili na gololi. Naye mwenye baiskeli aendapo dukani hukuta vipuri vya baiskeli za leo. Ndiyo maana kila kibanda cha fundi huulizwa swali moja kila siku: je, hiki kitaingia katika ile?

Mambo manne ya kupima

1. Ringi na breki. Jambo hili tutalieleza kwa kirefu kwa kuwa linagusa maisha ya watu. Baiskeli kubwa za zamani huwa na breki za vyuma, ambazo mipira yake huvutwa juu na kukandamiza ringi kutoka upande wa ndani, ule unaoelekea kitovu cha gurudumu. Ringi yake imefinyangwa kwa ajili hiyo, ina mabega mawili yanayopokea mipira. Breki za waya za kisasa hubana ringi ubavuni, kulia na kushoto, na ringi zake zina mbavu bapa. Kwa hiyo ringi na breki ni kama kinu na mchi. Anayebadili kimoja bila kufikiri kingine atakuwa na gurudumu jipya lisilosimama.

Manufaa ya kubadili yapo. Ringi ya chuma iliyopakwa kromu huteleza sana ikilowa, na breki huchelewa kushika. Ringi ya alumini hushika vizuri zaidi wakati wa mvua. Anayeteremka kutoka Bugando au Isamilo mvua inaponyesha anaelewa maana ya tofauti hiyo.

Tuchukue baiskeli ya mbio ya zamani yenye ringi za milimita 630, ambayo mwenyewe anataka kuifunga ringi za kisasa za milimita 622. Je, mipira ya breki ishushwe kiasi gani ili ikutane na ringi mpya? Watoto wengi watajibu milimita 8, na hapa pana somo zuri. 8 ni tofauti ya vipenyo. Breki inasimama upande mmoja tu wa gurudumu, basi yenyewe huona tofauti ya nusukipenyo: 8 gawanya kwa 2, yaani milimita 4. Kama mwanya wa breki unaruhusu mpira kushuka milimita 4, kazi itafanyika. Kama hauruhusu, mpira utagusa tairi na kulila mpaka lipasuke. Mwalimu akifundisha tofauti ya kipenyo na nusukipenyo kwa duara la ubaoni, watoto watakariri. Akiifundisha kwa mpira wa breki, watakumbuka.

Pamoja na hayo, matundu ya spoki yahesabiwe. Ringi nyingi za nyuma za baiskeli za zamani za Kiingereza zina matundu 40, na za mbele 32. Habu mpya yenye matundu 36 haifungiki vyema katika ringi yenye matundu 40.

2. Nafasi ya gurudumu la nyuma. Masikio mawili ya fremu yanayoshika gurudumu la nyuma yana nafasi maalumu kati yake. Katika baiskeli za mbio za zamani nafasi hiyo kwa kawaida ni milimita 120 au 126. Magurudumu ya mbio yaliyokuja baadaye huhitaji 130, na mengi ya milimani 135. Chuma kina hisani hapa, kwa maana fundi hodari anaweza kuitanua fremu polepole bila kuivunja. Fremu ya alumini isijaribiwe, kwa kuwa huweza kupata ufa.

Kutanua kutoka 126 hadi 130 ni kuongeza milimita 4, lakini kila upande upate 2. Upande mmoja ukipata zote nne, gurudumu litakwenda mshazari. Namna ya kuhakikisha ni kutumia uzi. Uzi hufungwa katika sikio moja la nyuma, huvutwa kwenda mbele na kuzungushwa kwenye bomba linalobeba usukani, kisha hurudishwa hadi sikio la pili. Halafu hupimwa nafasi kati ya uzi na bomba la siti, kulia na kushoto. Nafasi hizo zikiwa sawa, fremu imenyooka. Hatujui mfano bora kuliko huo wa kufundishia ulinganifu wa pande mbili, na gharama yake ni mita chache za uzi.

3. Mnyororo. Kutoka pini moja hadi nyingine mnyororo una nusu inchi, na kipimo hicho kimedumu kwa miaka mingi. Kwa hiyo nafasi 24, yaani kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, ni inchi 12 kamili mnyororo ukiwa mpya. Watoto wapime mnyororo uliochakaa kwa rula ya chuma. Ukifika inchi 12⅛, umelika sana, na huenda meno ya friwili nayo yamelika. Mnyororo mpya ukifungwa juu ya meno hayo utaruka.

Upana, hata hivyo, hutofautiana. Mnyororo wa baiskeli isiyo na gia kwa kawaida ni wa ⅛ ya inchi, na wa baiskeli yenye gia za kuhamisha ni wa 3/32. Mtoto aulizwe upi ni mpana zaidi. Wengi watasema wa 3/32, kwa kuwa 32 ni kubwa kuliko 8. Mwalimu awaongoze kubadili ⅛ iwe 4/32, halafu awape minyororo yote miwili mikononi. Macho na hesabu vitatoa jibu moja.

4. Meno. Tuseme gurudumu la meno la mbele lina meno 44 na la nyuma lina 22. Mguu ukizungusha mara moja, tairi huzunguka mara 2. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 70 lina mzingo wa karibu sentimita 220, basi baiskeli husogea mita 4.4. Tukiweka nyuma meno 18, baiskeli itasogea karibu mita 5.4, lakini mguu utasukuma kwa nguvu zaidi. Anayebeba gunia kilimani atachagua lipi? Na yule wa mashindano katika tambarare? Watoto wajibu na watoe sababu.

Namna ya kuendesha somo

Somo hili linafaa Darasa la Tano na kuendelea, na lipewe vipindi viwili au vitatu. Vifaa ni baiskeli moja kuukuu, futikamba, rula ya chuma, uzi, na vipuri vichache vilivyotupwa ambavyo fundi hutoa kwa furaha akiombwa vizuri.

Hatua ya kwanza ni kukisia. Watoto waangalie kipuri na baiskeli, kila mmoja aandike kama kitaingia au hakitaingia. Asiruhusiwe yeyote kupima kabla ya kuandika, kwa sababu asiyekisia hana sababu ya kushangaa.

Hatua ya pili ni kupima kwa makundi. Katika darasa lenye watoto wengi, baiskeli moja haiwatoshi kwa pamoja. Kundi moja lipime ringi, jingine mnyororo, jingine lihesabu meno na spoki, jingine lishike uzi, kisha yabadilishane. Kila kipimo kichukuliwe na watoto wawili mbalimbali. Wakipishana, wasiulize mwalimu nani yuko sahihi. Wapime tena.

Hatua ya tatu ni kuhukumu. Kila kundi liseme kama kipuri kinunuliwe au kisinunuliwe, na sababu yake kwa namba. Baadaye wajaribu kukiweka mahali pake. Hapo baiskeli yenyewe ndiyo itakayosahihisha.

Hatua ya nne ni kumwalika fundi. Aje kama mwalimu mwenzetu, apewe kiti na wakati wa kusema. Watoto watayarishe maswali kabla ya siku hiyo. Mwanachuo asione haya kuulizwa neno asilolijua mbele ya fundi. Watoto watajifunza jambo kubwa wakimwona mwalimu wao akijifunza.

Tahadhari

Kazi ya darasa ni kupima na kuamua. Kufunga breki na gurudumu ni kazi ya fundi, na baiskeli isipandwe na mtoto kabla fundi hajaikagua. Vidole viwekwe mbali na mnyororo unaozunguka. Yafaa pia watoto waelezwe kwamba pedali ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kinyume cha desturi, kwa kuwa hesi yake imegeuzwa. Asiyejua huikaza akidhani anaifungua, na mara nyingi huharibu mkono wa pedali.

Hitimisho

Tulirudi katika shule ile muhula uliofuata tukiwa na matairi mawili tuliyoazimwa na fundi. Yule mtoto alikuwa amehama na wazazi wake, wala hakuna aliyeweza kutuambia wameelekea wapi. Tulifundisha somo hata hivyo. Wenzake walipoona midomo ya matairi ikipishana, mmoja alisema polepole, "Kumbe alikuwa anajua." Darasa halikucheka.

Ndugu mwanachuo, hapana shaka siku moja utasimama mbele ya darasa, na mtoto atanyosha mkono aseme jambo lisilolingana na lililoandikwa ubaoni. Huenda amekosea. Huenda pia ameshika kwa mikono yake kitu ambacho wewe umekisoma tu. Usimwambie aketi. Mwambie alete hicho kitu, nanyi mkipime.